Jina Nililoona Haya Kuliandika

Garissa, Jumatano, 1966. Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi unaoingia hata ndani ya chai.

Kwa hiyo si kweli kwamba sikulijua jina lake lote. Niliandika hivyo jana, ukurasa wa nyuma, kisha nikafunga daftari haraka. Leo nimesoma tena nikaona aibu. Nililijua. Alinitamkia mwenyewe, polepole, akiwa amesimama mbele ya meza yangu, na nikalisikia vizuri kabisa.

Sikuliandika tu.

Lakini acha nianze na mazuri, maana ninayo, na nikianza na mabaya sitafika popote.

Nina mume. Miezi minne sasa tangu tulipotoka kanisani kule Wundanyi, ukungu ukitushukia mabegani, na mpaka leo Mwadime akiingia mlangoni moyo wangu unaruka kama wa msichana wa shule. Ni fundi wa mashine zinazosukuma maji kutoka mto Tana mpaka kwenye matangi ya mji huu. Anarudi saa kumi na moja jioni akinuka dizeli, na mimi naipenda harufu hiyo kuliko marashi yote ya Mombasa. Akinawa mikono nasimama karibu na beseni bila sababu yoyote. Majirani wananicheka. Waache wacheke.

Alipopata uhamisho wa kuja huku, kila mtu nyumbani alinisihi nibaki. Kuna vita, walisema. Kuna mashifta, waasi wenye bunduki, kuna mabomu yamefukiwa barabarani. Nikasema mimi nitamfuata Mwadime hata jangwani. Shangazi yangu akanitazama akasema, "Basi mwanangu, ndiko huko huko unakokwenda."

Tulikuja katika msafara wa malori, askari mbele na askari nyuma, kila gari likikanyaga pale pale lilipokanyaga la mbele yake. Watu walikuwa kimya kwa hofu. Mimi nililala begani kwake nikiota, nikaona ile ndiyo fungate yetu. Nasema kweli. Nilikuwa mjinga kiasi hicho, na nilikuwa na furaha kiasi hicho.

Wiki ya pili nikapata kazi. Nimemaliza kidato cha nne na nimesomea kupiga chapa, na wapiga chapa hawataki kuja Garissa, kwa hiyo sikuulizwa maswali mengi. Kazi yangu ni kuandika vibali. Siku hizi hakuna mwenyeji anayetoka mjini bila kibali, awe anafuata mifugo yake au anakwenda kumzika mama yake. Fomu ni fupi. Jina, jina la baba, aendako, siku ya kurudi. Naweza kupiga arobaini kwa siku bila kosa moja.

Bila kosa moja. Nilikuwa najisifu hivyo kwa Mwadime kila jioni.

Tangu Jumamosi sihisi kitu. Sijui namna nyingine ya kusema. Nakula na chakula hakina ladha. Jana nilishika birika la moto, nikaona kwanza ngozi imekuwa nyekundu ndipo nikakumbuka kuliachia. Sijalia. Mimi niliyelia kwa sababu Mwadime aliniletea kanga yenye rangi niliyoitaja mara moja tu, sijalia hata tone.

Habiba ndiye anayetuletea maziwa. Alikuwa. Mwanamke wa Kisomali, pengine ana miaka thelathini na tano, mrefu, mwenye sauti inayofika mtaa wa tatu. Siku ya kwanza alinimiminia maziwa ya ngamia kutoka kwenye chombo chake kilichosukwa, kile wanachokifukiza moshi ndani, nikayatema palepale mlangoni. Nilidhani yameungua. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Arusi," akasema, "hiyo moshi ndiyo dawa. Bwana yako akikunywa hiyo, hatatoka nyumbani tena."

Nikaomba kikombe cha pili.

Baada ya hapo hakuniita arusi. Aliniita Qosol, maana yake kicheko, kwa kuwa nacheka hata nikiulizwa bei ya nyanya. Wiki moja tu na soko zima lilikuwa likiniita hivyo. Nikajua basi kwamba huku kila mtu ana jina la namna hiyo. Yuko Dheere, kwa kuwa ni mrefu. Yuko Gaab, kwa kuwa ni mfupi. Yuko mzee mmoja mwuza majani ya chai anayeitwa Meno ya Dhahabu kwa lugha yao, naye anaitikia huku akiyaonyesha. Niliona ni mchezo mzuri. Niliandika habari zake kwa mama yangu kurasa mbili nzima.

Niliona ni mchezo. Hapo ndipo nilipokosea.

Mume wa Habiba ni mchunga ngamia. Sikuwahi kumwona mpaka alipokuja ofisini wiki tatu zilizopita. Ngamia wao walikuwa upande wa Modogashe na mpwa wake, na tangazo lilikuwa limetoka: familia zote zinahamishiwa kijiji kipya chenye ua wa waya na walinzi, na atakayekutwa nje porini baada ya hapo, yeye na mifugo yake, atahesabiwa adui. Alitaka kwenda kuwaleta ngamia kabla ya siku hiyo. Alikuwa mtu mpole mwenye ndevu alizozipaka hina. Aliingia akichechemea, mguu wa kushoto ukivutwa nyuma kidogo.

Nikamwuliza jina.

"Abdi Mohamed Gurhan," akasema. Kisha akagonga meza kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemwonyesha fundi mahali pa kupiga msumari. "Langaare. Andika hiyo. Langaare."

Nilikwisha kulijua neno hilo kutoka sokoni. Maana yake ni kilema wa mguu.

Nilimtazama yule mtu, mume wa rafiki yangu, na uso wangu ukapata moto. Kwetu babu yangu alitembea kwa mkongojo, na mtoto aliyethubutu kutaja mguu wake alichapwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu. Hata sisi wajukuu tulisema tu kwamba babu amechoka. Nami niandike kwenye karatasi yenye muhuri kwamba huyu ni Abdi Kilema? Nikatabasamu kwa heshima. Nikapiga chapa: Abdi Mohamed. Hata Gurhan sikuliweka, maana ni jina la babu na fomu ina nafasi mbili tu. Nikampa kwa mikono miwili, kama ninavyompa mtu mzima chochote.

Hakujua kusoma. Aliikunja vizuri, akaiweka kifuani, akaniombea kwa Mungu mimi na mume wangu. Jioni nilimsimulia Mwadime. Nikamwambia, leo nimemsitiri mtu.

Jumamosi Habiba alikuja bila maziwa. Alikuja na mpwa wao, yule aliyekuwa na ngamia, lakini hakuingia naye. Kijana wa watu alibaki njiani ameinamisha kichwa. Habiba alisimama mlangoni na chombo kitupu ubavuni kwa mazoea tu.

"Qosol. Wewe uliandika bwana yangu nusu."

Sikuelewa. Akanieleza bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Habiba hajui kusema chini. Kwenye kizuizi cha barabarani kulikuwa na orodha ya watu wanaotafutwa. Ndani yake alikuwemo mtu anayeitwa Abdi Mohamed, anayesemekana kufukia mabomu. Wakachukua kibali cha mume wake, wakasoma, wakatazamana.

"Yeye nasema, mimi ni Langaare. Bolisi nasema, Langaare iko wapi hapa kwa karatasi? Yeye nasema, angalia mguu. Wao nasema, mguu si karatasi."

Wakampeleka kwenye kambi ya mahabusu, safari ya siku nzima kutoka hapa. Ngamia wakachukuliwa, mpwa akaachwa aende zake.

"Habiba," nikasema, "niliona haya. Nilifikiri ni tusi."

Akakihamishia kile chombo kitupu ubavu wa pili.

"Abaayo, dada yangu, mguu ni yake. Yeye najua nachechema. Wewe ulifikiri yeye hajui?" Kisha akasema, "Abdi Mohamed kwetu ni watu mia. Gurhan ya babu akiingia, inabaki watu kumi. Langaare ni moja."

Aliondoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Na sasa ungamo ambalo jana sikuliweza. Sikumwambia Mwadime. Jumamosi yote, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Jumapili nilimpikia wali wa nazi, nikavaa ile kanga, nikaimba nikiwa jikoni. Nilikuwa nasikia sauti yangu kana kwamba inatoka nyumba ya jirani. Sikutaka furaha yetu iguswe. Nilijiambia kwamba kosa ni la fomu, kwamba vita ni vita, kwamba watamwachilia wakiona mguu wenyewe. Nilijiambia mengi.

Jumatatu malori yalikuja kuwachukua watu wa mtaa wa Habiba kuwapeleka kile kijiji cha waya. Nilikuwa natoka ofisini kupeleka barua. Wanawake walipandishwa na masufuria, vitanda vya kamba, mbuzi waliofungwa miguu, mikeka ya nyumba zao imeviringwa. Nilimwona Habiba amesimama ndani ya lori akishika bomba la chuma, wanawe watatu wameshika nguo yake. Hakunitazama. Au pengine alinitazama, na mimi ndiye niliyeinama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

Leo asubuhi nimeenda mbele ya Bwana Karani. Ndiye mkubwa wetu, mzee wa pwani, mwenye miwani inayoshikiliwa na uzi, anayepiga kila karatasi muhuri kwa nguvu kama mtu anayeua mende. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Binti," akasema, "fomu ina nafasi mbili. Wakubwa wangetaka tatu wangeweka tatu."

"Ndiyo, Bwana. Lakini aliniambia, nami nikaacha."

"Na sasa wewe wa juzi unataka kuifundisha fomu?"

"Hapana, Bwana. Nataka kuandika barua kwamba mtu waliyemshika siye."

"Unajua siye? Ulikuwa naye porini?"

"Najua anachechemea. Angekuwa ndiye wanayemtafuta, wangeandika anachechemea. Huku hakuna anayemtaja mtu bila jina la namna hiyo."

Alivua miwani. Nje mlinzi alikohoa. Niliogopa? Nilipaswa kuogopa. Niliutazama ukucha wake wa kidole gumba, mweusi kwa wino, nikafikiri tu kwamba hausafishiki tena.

"Andika," akasema mwishowe. "Lakini useme ni wewe. Usiseme ni ofisi."

"Ni mimi, Bwana."

"Na wakikurudisha kwenu, usije ukanililia hapa."

Nikakaa kwenye mashine. Nikaandika kwamba mwenye kibali kile ni Abdi Mohamed Gurhan, ajulikanaye na watu wote kwa jina la Langaare, mwenye ndevu za hina, anayechechemea mguu wa kushoto. Kwamba alitoa majina yake yote mbele ya mpiga chapa. Kwamba mpiga chapa aliyaacha mawili kwa hiari yake. Kwamba kosa si la mwenye kibali. Neno Langaare nililipiga kwa herufi kubwa. Vidole vilikuwa vizito kama si vyangu, na kwa mara ya kwanza tangu nije hapa nilikosea nikaanza upya, mara mbili.

Halafu ikabidi nitie sahihi.

Tangu harusi nimekuwa nikijifunza sahihi yangu mpya pembeni mwa daftari hili, Wakesho Mwadime, Wakesho Mwadime, yenye mikia na mapambo, kurasa na kurasa. Nilikuwa nangoja siku ya maana ya kuitumia. Nimeitumia leo chini ya barua inayosema kwamba kwa sababu yangu mtu yumo kifungoni. Sikuweka mkia wowote.

Bwana Karani alisoma, akapiga muhuri, safari hii taratibu. Msafara uliondoka saa nne na mfuko wa barua ukiwa ndani ya lori la pili. Nilitoka nje kuutazama mpaka vumbi likatulia. Nilidhani kifua kitafunguka.

Hakikufunguka.

Mwadime alirudi saa kumi na moja kama kawaida. Nilimwambia kabla hajavua viatu, nisije nikapata nafasi ya kupika kitu. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, spana bado mkononi.

"Tangu Jumamosi?"

"Tangu Jumamosi."

"Na Jumapili ukanipikia wali wa nazi."

"Ndiyo."

"Ukaimba."

"Niliimba."

Aligeuza spana mkononi. Nilijua anakumbuka ni wimbo gani. Nami nilijua kwamba wimbo ule hatutauimba tena, hata tukizeeka pamoja, na hatutasema kwa nini.

"Ungeniambia, Wakesho. Tungekaa nalo wawili."

"Nilitaka tubaki kama tulivyokuwa."

"Na wakikuondoa hapa?"

"Nitakwenda."

Akatazama kule mtoni, moshi wa mashine zake ukionekana juu ya miti. Kisha akasema, "Maji yanasukumwa hata Voi," akanishika mkono.

Yaani atanifuata. Mwanamume huyu, aliyetoka jasho kuipata nafasi hii ya ufundi mkuu, ananiambia ataiacha, na ananiambia kwa kutaja mashine za Voi, karibu na kwetu. Miezi minne iliyopita ningemrukia shingoni mbele ya mtaa mzima. Nilitaka. Niliutazama mkono wangu ndani ya mkono wake, nikaona ni mikono miwili, mmoja mweusi kwa grisi, mmoja mweusi kwa wino, nikangoja kuhisi joto lake.

Nampenda. Hilo najua kama ninavyojua jina langu. Ila leo nalijua tu, silihisi.

Nimefikiri sana kuhusu adabu jioni hii, nikiwa nachambua mchele, mlango wazi kabla ya saa ya kutotoka nje. Nililelewa kuamini kwamba adabu ni kutotaja. Kumbe kwa Habiba adabu ni kumtaja mtu sawasawa, mpaka asifanane na mwingine. Mume wake hakuwa akinipa siri ya mguu wake. Alikuwa akinipa kitu cha kumlinda, nami nikakirudisha mezani kwa tabasamu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiona haya. Yeye hakuwa na haya yoyote.

Sijui barua itafika kwa nani. Sijui kama atakayeifungua atasoma mpaka mwisho. Pengine itakaa mezani chini ya nyingine mia. Pengine wamekwisha kumhamisha. Bwana Karani anasema majibu kutoka huko huchukua wiki mbili, tatu, na mengine hayaji. Alisema hivyo akiwa ananipa biskuti, sijui kwa nini, na niliila.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nitakwenda kijijini kule kumwona Habiba jibu likija. Nimejiona tayari nikishuka kwenye gari la kazini kwa Mwadime, ambalo hupeleka maji kwenye lango lao kila Ijumaa, nikipunga karatasi hewani, Habiba akipiga kelele ile ya mtaa wa tatu. Nimeipamba picha hiyo kama ninavyopamba kila kitu. Lakini jioni hii nimejiuliza: na lisipokuja? Nitamwacha akae nyuma ya waya na watoto watatu, akijua mimi niko hapa, mita chache kutoka mtoni, ninasubiri mpaka niwe na habari nzuri ndipo nimtazame usoni? Huko nako ni kuinama kufunga kiatu.

Mgeni anayeingia kule naye lazima awe na kibali. Kesho nitajiandikia changu, nitaje na jina la babu yangu, na Bwana Karani atapiga muhuri akitaka, asitake nitamsumbua mpaka atake. Ijumaa hii gari limejaa mabomba. Inayofuata Mwadime amesema nafasi ipo.

Sina la kumpelekea. Anaweza asinipokee, anaweza asiniite Qosol wala jina lingine lolote, anaweza kunisema mbele ya wenzake wote na nisimame pale nisikie. Sawa. Nitakwenda, jibu liwe limekuja au halijaja. Habiba, nitakuwa langoni kwenu kabla mwezi huu haujaisha.